Mtoto Asiyetulia na Dawati Lisilosogea

Mhadhara mbele ya walimu wa madarasa ya awali na ya chini, wazazi na wajumbe wa kamati za shule

Nimeombwa nizungumze kuhusu mtoto mdogo asiyetulia darasani: yule anayejigeuza, anayesimama bila kuitwa, anayepiga magoti juu ya benchi, ambaye jina lake ndilo la kwanza kuzoeleka mdomoni mwa mwalimu. Kusudi langu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba mtoto huyo tunaweza kumsaidia kwa kumpa ruhusa, tena ruhusa yenye utaratibu, ya kubadili mkao wakati kazi inaendelea; na kwamba ruhusa hiyo ina thamani kuliko kiti chochote kinachoweza kununuliwa. Nina hoja nne, kisha nitajibu mapingamizi ninayoyatarajia. Hoja zenyewe hazilingani urefu, mtanivumilia.

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Katika nchi kama Marekani, ukaaji huru darasani umekuwa fasheni. Darasa la watoto wadogo linawekwa mipira mikubwa ya mazoezi ya kukalia, stuli zenye kitako cha mviringo zinazoyumba, mito ya sakafuni na meza ndefu za kusimamia, na mtoto akiingia asubuhi anachagua pake. Picha zake zinapendeza, na nadhani baadhi yenu mmeshatumiwa kwenye simu na jamaa walioko huko. Sikuja kuzisifu wala kuzibeza. Nimekuja kuuliza kilicho nyuma yake ni nini, na je, kinaweza kufanya kazi katika chumba chenye watoto themanini na ubao mmoja.

Hoja ya kwanza ni kwamba dawati letu halikutengenezwa kwa kipimo cha mwili wa mtoto mdogo. Lichukueni dawati la kawaida la shule zetu za msingi: benchi na meza vimeungwa kwenye fremu moja, na linabeba watoto watatu. Fundi wa kuchomelea hukata bomba zote kwa kipimo kimoja, kwa sababu oda ni ya madawati mia mbili na bei imeshakubaliwa. Dawati hilohilo litakaliwa na mtoto wa darasa la kwanza mwenye miaka sita na kijana wa darasa la saba aliyeanza kuota ndevu. Mtoto wa miaka sita akikaa humo, miguu yake inaning'inia. Ukingo wa benchi unambana nyuma ya mapaja, mgongo hauna pa kuegemea, na meza inamfika kifuani, hivyo ili aandike lazima ainue mabega. Baada ya dakika chache anateleza mbele hadi ncha za vidole ziguse sakafu. Akichoka anakalia mguu mmoja. Mwisho anapiga magoti juu ya benchi, na hapo ndipo anapoambiwa, "Wewe, kaa vizuri!" Tukimtazama kwa haki, huyo hajafanya utundu, ametafuta kimo ambacho fundi hakumpa. Na kwa kuwa dawati ni la watatu, kila anapojigeuza herufi za wenzake wawili zinapinda, wao nao wanamsukuma, na mwalimu aliyekuwa anafundisha irabu sasa anaamua ugomvi.

Msidhani hili ni tatizo la umaskini peke yake. Mwaka 1999 watafiti katika jimbo la Michigan, Marekani, waliwapima wanafunzi wa miaka 11 hadi 14 na kulinganisha vipimo vyao na viti na meza za shule. Waliokuta kiti na meza vinavyowafaa hawakufika hata mmoja kati ya watano. Na karne moja kabla ya hapo, katika mihadhara aliyoitoa Chicago mwaka 1899, mwanafalsafa John Dewey aliwasimulia wazazi jinsi alivyozunguka madukani akitafuta madawati ya shule yake, hadi muuzaji mmoja mwerevu akamfumbua macho kwamba anachokitaka hakipo sokoni: yeye anatafuta samani za watoto kufanyia kazi, na zilizopo zote ni za kusikilizia. Miaka minane baadaye, Januari 1907, daktari Maria Montessori alifungua nyumba yake ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Roma. Katika njia aliyoijenga kuanzia hapo, meza na viti ni vyepesi kiasi kwamba mtoto mwenyewe anavibeba, na pana mikeka ya kutandika sakafuni. Watoto wa San Lorenzo walikuwa wa vibarua. Nalitaja hili mapema kwa sababu kuna mzazi hapa anayewaza kwamba mambo haya ni ya shule za kulipia.

Hoja ya pili: kwa baadhi ya watoto, kujongeajongea ni sehemu ya kufikiri. Sisi tuliolelewa tukiamini kwamba mwili uliotulia ndio alama ya akili iliyotulia tunaipokea hoja hii kwa shida, kwa hiyo niwape ushahidi wake. Mwaka 2015 Dustin Sarver, Mark Rapport na wenzao, waliofanya kazi hiyo katika Chuo Kikuu cha Central Florida, walichapisha matokeo ya utafiti wa wavulana 52 wa miaka 8 hadi 12. Zaidi ya nusu walikuwa wamethibitishwa na wataalamu kuwa na ile hali ya upungufu wa umakini na kuhangaika kupita kiasi. Waliobaki hawakuwa nayo. Wote walipewa kazi ya kushika tarakimu akilini na kuzipanga upya, huku kamera zikirekodi kila wanavyotikisa miguu na kuzungusha viti. Wavulana wenye hali hiyo walifanya vizuri zaidi pale walipojongea zaidi. Wavulana wasio nayo, kadiri walivyojongea zaidi ndivyo walivyoharibu zaidi.

Naomba tusimame kidogo kwenye sehemu ya mwisho ya matokeo hayo, maana wanaouza viti vya kuyumba huwa hawaitaji. Mwendo ni kama miwani: anayeihitaji inamfumbua macho, asiyeihitaji inamtia ukungu. Maelezo yanayotolewa na wataalamu ni kwamba ubongo wa mtoto wa aina ile una uchangamfu mdogo wakati wa kazi ngumu ya kukumbuka, na misuli inapofanya kazi inauamsha. Ukimwamuru asitikise hata kidole, nguvu yake yote itaishia kwenye kutotikisa kidole. Sisemi kwamba kila mtundu ana hali hiyo, wala mwalimu si daktari wa kuitambua kwa kutazama. Makadirio yanayotumika sana duniani yanaiweka kwa watoto kama 5 kati ya kila 100, yaani wanne katika darasa la themanini. Wengine wanaohangaika wana sababu rahisi zaidi: wana miaka sita, na wamekaa tangu saa mbili. Lakini matokeo hayo yanatosha kutufanya tuache kuwaamuru watoto wote themanini mkao mmoja, kama ambavyo yanatosha kutuzuia tusiwaweke wote themanini kwenye mipira.

Hoja ya tatu inatoka hapo: kiti chenyewe kina uwezo mdogo kuliko sifa zake. Mwaka 2003 Denise Schilling na wenzake nchini Marekani waliwafuatilia watoto watatu wenye hali niliyoitaja, katika darasa la nne, wakibadilishana kiti cha kawaida na mpira. Wakiwa kwenye mpira, watoto walikaa mahali pao zaidi na waliandika maneno mengi zaidi yanayosomeka. Utafiti huo umenukuliwa mno. Lakini watoto watatu ni watatu. Mwaka 2015 Alicia Fedewa na wenzake walifanya jaribio kubwa zaidi kwa watoto wa darasa la pili, ambapo bahati nasibu ndiyo iliyoamua nani akalie mpira na nani abaki na kiti, na hawakuona tofauti ya maana katika maendeleo ya masomo. Kwa hiyo, mjumbe wa kamati ya shule akijiwa na mfanyabiashara mwenye katalogi ya mipira, ana haki ya kumpa chai na kumsindikiza.

Kuna ushahidi mwingine unaowahusu wale wanaodhani kwamba kuvunja safu za madawati kunatosha. Mwaka 1981 Kevin Wheldall na wenzake, huko Birmingham, Uingereza, waliwachukua watoto wa miaka 11 waliozoea kuzunguka meza kwa vikundi, wakawapanga kwa safu, kisha wakawarudisha kwenye meza. Kazi ilikuwa ya kila mtu peke yake. Umakini ulipanda watoto walipokuwa kwenye safu na kushuka waliporudi mezani, na waliofaidika zaidi na safu ni wale waliokuwa hawatulii. Mimi nayapokea matokeo hayo bila kinyongo. Mtoto asiyetulia, akiwekwa uso kwa uso na wenzake watano ili aandike peke yake, amewekwa mtegoni. Safu ni mpangilio mzuri wa kuandikia, na duara ni mpangilio mzuri wa kusimuliana. Kosa letu ni kuuchagua mmoja mwezi Januari na kuupigilia misumari hadi Desemba. Mkao unapaswa kuifuata kazi, na kazi za darasa la kwanza hubadilika kila baada ya dakika kumi.

Hoja ya nne ni fupi, na ni ya kwetu. Watu wa pwani hawakuhitaji katalogi ili wajue kwamba mtoto anaweza kusoma bila dawati. Chuoni watoto wamekaa mkekani kwa vizazi, msahafu au juzuu ikiwa mbele yao, wakijiyumbisha mbele na nyuma huku wakisoma kwa sauti, na hakuna maalimu aliyewahi kumwambia mtoto aache kuyumba ndipo asome. Kuyumba kunakwenda na kisomo. Anayechoka kukunja miguu huinyoosha upande, akaendelea. Katika miaka ya 1980, Mombasa, kwa msaada wa Aga Khan Foundation, ulianza mpango wa madrasa za awali ambao baadaye ulifika Zanzibar na Uganda. Mpango huo ulitumia vifaa vya bei ndogo vinavyopatikana mtaani, mikeka, na kona mbalimbali za kujifunzia ambazo mtoto anazizungukia. Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg waliutathmini na kuchapisha matokeo mwaka 2008: watoto wa madrasa hizo walipiga hatua kubwa zaidi kiakili kuliko wa shule nyingine za awali walizolinganishwa nazo, na kuliko waliobaki nyumbani. Tathmini hiyo haikupima mkeka peke yake; ilipima malezi mazima, pamoja na mafunzo ya walimu. Lakini inatosha kutuonyesha kwamba chumba ambacho watoto wanahamahama kinaweza kuwa chumba cha kujifunza, hapahapa, kwa fedha zetu.

Nije sasa kwenye mapingamizi. Lililo zito kuliko yote halihusu sayansi, linahusu heshima. Mzee mmoja wa kamati anaweza kusimama hapa na kuniuliza: unataka kuwarudisha watoto wetu sakafuni? Ana haki ya kuuliza kwa ukali. Januari 2016, elimu bila malipo ilipoanza Tanzania, watoto walimiminika darasa la kwanza na upungufu wa madawati ukawa aibu ya taifa. Rais John Magufuli akatoa agizo kwamba ifikapo 30 Juni mwaka huo pasiwe na mwanafunzi anayekaa chini. Bunge likatoa shilingi bilioni 6 zilizobanwa kwenye matumizi yake, wakuu wa mikoa wakakimbizana na mafundi, na wananchi wakachanga. Watu walichangia kwa sababu walijua maana ya kukaa chini: vumbi kwenye sare, funza vidoleni, daftari juu ya goti. Hakuna hata neno moja katika mhadhara huu linalopunguza thamani ya juhudi hiyo.

Jibu langu ni kwamba mkeka ni jambo jingine kabisa pale dawati linapokuwepo. Mtoto aliyekosa pa kukaa hana uchaguzi. Mtoto mwenye nafasi yake dawatini, anayeitwa mkekani kwa dakika kumi za hadithi kisha akarudi kuandika, ana nafasi mbili. Ndiyo maana natanguliza masharti. Sakafu iwe ya saruji na ifagiliwe na kupigwa maji kila asubuhi. Mkeka uwe mkeka kweli, si gunia. Na pasiwe na mtoto hata mmoja anayepelekwa mkekani kwa sababu madawati yamekwisha. Shule ambayo bado ina upungufu ianze na madawati. Ukaaji huru usitumiwe kamwe kuficha pengo la bajeti, na mdhibiti ubora wa shule akikuta umetumiwa hivyo aandike ripoti bila huruma.

Pingamizi la pili ni la wingi, na hili ni la walimu. Sera inataka wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Ninyi mnajua idadi iliyopo kwenye mahudhurio yenu. Mtu atauliza, watoto tisini wakiruhusiwa kuchagua pa kukaa, nani atabaki akifundisha? Nakubali kwamba kuchagua kiholela hakuwezekani. Kinachowezekana ni zamu. Madawati yanabaki kwenye safu. Madawati mawili ya mwisho, karibu na ukuta, yanainuliwa juu ya matofali yaliyojengewa vizuri hadi meza ifike kwenye kiwiko cha mtoto aliyesimama, na hapo wanapata nafasi watoto sita wa kuandika wakiwa wima bila kumziba yeyote. Mbele, kati ya ubao na safu ya kwanza, unatandikwa mkeka wa watoto kumi na tano. Chini ya madawati ya mbele, seremala anapigilia ubao wa kukanyagia, ili miguu inayoning'inia ipate pa kutua. Mwalimu anaongoza zamu kwa safu, na anawabakizia wale wanne au watano anaowafahamu nafasi ya nyuma kila wanapoihitaji, bila kuwatangaza. Katika kipindi cha dakika 30, mabadiliko mawili yanatosha: moja kutoka hadithi kwenda kuandika, moja katikati ya kuandika kwa anayeshindwa.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kulea utovu wa nidhamu. Nawaomba wahesabu muda. Mtoto aliyepigishwa magoti mbele ya darasa kwa kosa la kuhangaika hasomi chochote wakati huo, na akirudi dawatini mwili wake ni uleule. Mtoto aliyeruhusiwa kusimama nyuma na daftari lake anaendelea na hesabu. Ruhusa yenyewe ina sheria: unahama kimya, unahama na kazi yako, na ukimsumbua mwenzako unarudi. Watoto wa miaka sita hujifunza sheria za rede na za kombolela kwa jioni moja, na hizo ni ngumu zaidi. Kuhusu mwandiko, wasiwasi ni wa kweli, na ndiyo maana sipendekezi mtoto ajifunze kuumba herufi akiwa ameinamia sakafu. Kuandika kufanyike mezani, kwa kukaa au kusimama. Mkeka ubaki wa kusoma, kusimulia, kuhesabu kwa vizibo na kuimba.

Pingamizi la mwisho nalipenda, kwa sababu linatuondoa kwenye samani. Mtoto anaweza kuhangaika kwa kuwa hajala tangu jana jioni. Anaweza kuwa haoni ubao, au amelala saa tano kwa ajili ya televisheni ya sebuleni, au bati juu yake halina dari na saa sita mchana chumba kinachemka. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Salford, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2015 baada ya kupima madarasa 153, ulihesabu kwamba mazingira ya chumba, yakiwemo mwanga, joto, hewa na uhuru wa mtoto kuona pahali pale ni pake, yanaeleza asilimia 16 ya tofauti za maendeleo ya wanafunzi katika mwaka mmoja. Si haba, lakini asilimia nyingine zinatoka kwingine. Mwalimu akiona mtoto hatulii, aulize kwanza habari za uji na macho. Dawati la kusimamia halishibishi.

Yanayofuata, Ndugu Mwenyekiti, yako ndani ya uwezo wa watu waliomo ukumbini humu. Kamati za shule zitakapotoa oda ijayo ya madawati, zimpe fundi vipimo viwili badala ya kimoja: kimo cha madarasa ya awali hadi la pili, na kimo cha madarasa ya juu, wapimwe watoto kumi wa kila upande, goti hadi kisigino, kabla bomba la kwanza halijakatwa. Vyuo vya ualimu viwafundishe wanachuo kupanga upya chumba kati ya kazi moja na nyingine, kwa sababu leo wengi wanakutana na swali hilo siku ya kwanza kazini. Tafiti nyingi nilizozitaja zimefanywa kwenye madarasa ya watoto ishirini na kitu, kwa hiyo vyuo vikuu vyetu vina kazi inayowasubiri kwenye madarasa ya themanini. Na walimu hawana haja ya kuwasubiri. Mwalimu wa darasa la kwanza anaweza kuanza Jumatatu: achague watoto watano wasiotulia, ahesabu maswali waliyoyamaliza kwenye madaftari yao ya hesabu kwa wiki mbili za mkao wa kawaida, kisha wiki mbili za ruhusa, aandike idadi hizo kwenye karatasi moja na kuileta kwenye mkutano wa kata wa muhula ujao. Zikija karatasi kumi tutakuwa na la kujadili, hata kama saba kati yake zitanipinga.

Naona tumekaa saa nzima. Wenye maswali wanaweza kuuliza wakiwa wamesimama.